Sura ya 7: Upande Mmoja wa Ganda

Shemeji yangu alipanga maganda matatu ya risasi juu ya kitambaa cheupe, akaniambia nichague lililopigwa kwa baruti chafu. Tulikuwa gerejini kwake, nje kidogo ya Houston, Texas, saa nne asubuhi, na joto lilikuwa tayari la Tanga ya mwezi wa pili. Yeye mwenyewe ni mtu wa Tanga. Ana miaka zaidi ya ishirini Marekani, ameendesha malori hadi mgongo ukagoma, na siku hizi muda wake unagombewa na wajukuu, msikiti na uwanja wa shabaha. Ndani ya gereji ile gari halijawahi kulala. Palipostahili gari pana meza nzito ya mbao, na juu yake mashine ya mkono inayofanana na ile ya wakili ya kubania lakiri, ila hii ni kubwa, na wenzo wake ni mrefu kama mwiko wa kusongea ugali wa shughuli.

Nikachukua lile jeusi. Nani asingelichukua?

"Umekosa, shemeji," akasema, akicheka kama mtu aliyekwisha kuwanasa wageni wengi kwa mtego huohuo. "Yote matatu yamekula baruti ya kopo moja."

La kwanza lilikuwa ganda refu la rivolva, aina iitwayo .38 Special. Ubavu wake mmoja ulijaa masizi kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Ubavu wa pili ulikuwa unang'aa. La pili, nene, la .45, lilikuwa na weusi mdomoni tu, kama mtoto aliyetoka kunywa uji wa ulezi. La tatu, dogo, la milimita tisa, lilikuwa safi kiasi cha kudhani limefutwa. Baruti moja, mkono mmoja, jioni moja. Sura hii nzima ni safari ya kuyafuata masizi ya ule ubavu mmoja.

Kwanza kazi yenyewe. Risasi ya kisasa ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vimekwisha, ganda linabaki. Shaba ndiyo ghali, na ganda la bastola likitunzwa hupigwa mara nyingi kabla halijapasuka mdomo. Kwa hiyo mlenga shabaha wa Kimarekani huinama akaokota maganda yake, akayarudisha nyumbani, akayasafisha, akayanyoosha kwenye mashine, akayapachika fataki mpya, akayapimia baruti na kuyafunga kichwa. Uraibu huu ulipata nguvu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipokuwa na baruti nyingi isiyo na kazi na Bruce Hodgdon wa Kansas akainunua na kuwauzia watu wa kawaida. Kipimo cha baruti ni greni, na greni 7,000 ni ratili moja. Bastola hula greni chache tu kwa risasi, hivyo kopo la ratili huweza kutoa risasi zaidi ya elfu moja. Wengi husema wanafanya hivyo ili kuokoa fedha. Shemeji anakiri hajaokoa hata senti: anatumia zilezile, ila anapiga mara mbili zaidi.

Kwetu hili si jambo la kujaribia uani. Tanzania silaha humilikiwa kwa leseni na risasi hutengenezwa kwa kibali cha serikali. Kenya nako ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine utakayoiona mbele, sitataja kipimo hata kimoja cha baruti. Hata Texas, ambako inaruhusiwa, vipimo huchukuliwa katika kitabu cha mtengenezaji, si kinywani mwa mtu. Ninachokifuata mimi ni moto: kwa nini kitu kilekile kiungue kisafi hapa na kichafu pale.

Babu zetu wasingeuliza swali hilo. Baruti waliyoijua wao, ile nyeusi ya gobore, ilikuwa chafu na hapakuwa na nyingine. Robo tatu yake ni shura, iliyobaki ni mkaa na salfa, na ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi kabisa. Hubaki yabisi, chumvi za potasiamu, nyingine zikipaa kama moshi mweupe na nyingine zikigandamana ndani ya mtutu. Mtu wa pwani anajua chumvi iliyoachwa wazi inavyofanya wakati wa masika. Basi fikiria chumvi hiyo imelala ndani ya chuma. Mwenye gobore anayejua kazi yake huosha mtutu kwa maji siku hiyohiyo, hata kama amerudi mikono mitupu.

Moshi nao una gharama yake. Novemba 1914 Waingereza walishusha wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India ili waiteke Tanga. Wajerumani walikuwa na watu kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika, na bunduki nyingi mikononi mwao zilikuwa Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi. Kila aliyefyatua alisimamisha wingu juu ya kichaka alichojificha, kama mtu anayepunga kanga. Watu wa Tanga wanakumbuka zaidi nyuki waliochokozwa na risasi wakawavamia wapiganaji, na shemeji, kama Mtanga yeyote, alitaka kunisimulia nyuki kwanza. Wajerumani walishinda vita vile. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipohesabu nyara alipata bunduki za kisasa za kutosha zaidi ya kampuni tatu na risasi laki sita: risasi zisizotoa lile wingu.

Baruti hiyo isiyo na moshi ilikuwa na miaka thelathini wakati ule. Asili yake ni pamba. Mwaka 1846 Christian Friedrich Schönbein, mkemia wa Basel huko Uswisi, alitangaza kwamba pamba iliyochovywa katika asidi hugeuka kitu kinacholipuka bila kuacha majivu. Inasimuliwa kwamba aliigundua jikoni, alipofuta asidi iliyomwagika kwa aproni ya mkewe na kuianika karibu na jiko. Hadithi ni tamu mno kuiamini yote, lakini pamba yenyewe haikuwa hadithi. Mwaka uliofuata kiwanda cha kuitengeneza huko Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua watu wasiopungua 18, na kwa miaka mingi baadaye wenye busara walikaa nayo mbali. Ilikuwa inaungua upesi mno, bila breki.

Aliyeitia breki ni Mfaransa, Paul Vieille, mwaka 1884. Aliilainisha pamba ile kwa etha na alkoholi hadi ikawa kama donge la chapati, akalisukuma likawa bapa, akalikata vipande vidogo na kuvikausha. Sasa moto haukuweza kupenya ndani kupitia nyuzi. Ulilazimika kula kuanzia juu kwenda ndani, tabaka kwa tabaka. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki ya Lebel, na majeshi mengine yote ya Ulaya yalijikuta yamezeeka usiku mmoja. Alfred Nobel alifuata mwaka 1887 na mchanganyiko wake wenye nitrogliserini, Waingereza wakaja na kodaiti mwaka 1889, Nobel akaenda mahakamani kudai wamemwibia, akashindwa. Kodaiti ilihitaji asetoni, na katika Vita vya Kwanza asetoni ilipoadimika, Chaim Weizmann, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Israeli, aliwaonyesha jinsi ya kuipata kwa kuchachusha mahindi. Sembe nayo ilikwenda vitani.

Vieille alituachia jambo la pili, na hilo ndilo lililonirudisha kwenye maganda ya shemeji. Alionyesha kwamba baruti hii haina mwendo mmoja wa kuungua. Iweke wazi kwenye sahani uiwashe: itaungua kivivu, kwa mwali wa manjano, kama karatasi iliyopakwa nta. Ibane mahali padogo: gesi inayotoka inapandisha presha, presha inauharakisha moto, moto unatoa gesi zaidi, na presha inapanda tena. Baruti inajipuliza yenyewe.

Msomaji aliyeanza na sura ya kwanza anakumbuka kibatari na karabai. Mafuta ya taa ni yaleyale. Kibatari huyapandisha kwa utambi, taratibu, na asubuhi dari lote lina utando mweusi na pua za watoto zina masizi. Karabai huyasukuma kwa pampu, na mwanga wake ni mweupe. Acha kuipampu: mwali unageuka wa manjano na kioo kinaanza kuwa cheusi. Mfano huu unachechemea mguu mmoja, kwa sababu taa huvuta oksijeni hewani na baruti hubeba ya kwake ndani ya punje. Lakini pampu ni ileile. Baruti isiyopata presha yake huungua kama kibatari, na hakuna maandishi juu ya kopo yatakayoigeuza kuwa karabai.

Sasa tazama namba. Chama cha viwanda vya silaha vya Marekani kimeweka kikomo cha presha kwa kila aina ya risasi. Kwa milimita tisa ni ratili 35,000 kwa inchi ya mraba. Kwa .45 ya bastola ni 21,000. Kwa .38 Special ni 17,000, yaani chini ya nusu ya ile ndogo. (Tairi la gari dogo lina kama 32.) Na hivyo ni vikomo, mlenga shabaha anayetaka risasi laini isiyomrusha mkono hukaa chini zaidi. Maganda matatu juu ya kitambaa yalikuwa yamejipanga kwa presha, kutoka jeusi hadi jeupe, na mimi nilidhani yamejipanga kwa baruti.

Kwa nini .38 iwe na presha ndogo hivyo? Kwa sababu ya umri. Ilizaliwa mwaka 1898, wakati baruti nyeusi ilikuwa bado mezani, na baruti nyeusi hutaka nafasi. Ganda lilikatwa refu ili liibebe. Kisha ikaja baruti mpya yenye nguvu nyingi katika kijiko kidogo, na ganda likabaki na urefu uleule, nyumba ya watu kumi inayokaliwa na wawili. Shemeji alimimina kipimo chake ndani ya ganda tupu akanipa nichungulie kwa tochi. Nilikuwa kama ninachungulia kisima wakati wa kiangazi: kitu cheusi kidogo huko chini, na kuta tupu.

Katika nyumba tupu wenyeji hulala wanapotaka. Ukiinamisha rivolva, baruti yote inakimbilia mbele, mbali na fataki. Ukiiinua kwanza, inarudi nyuma na kuikumbatia. Mlio unatofautiana, mwendo wa risasi unatofautiana, na masizi nayo. Wenye rivolva waliwahi kuligundua hili zamani bila mizani wala kompyuta.

Na ule ubavu mmoja? Ganda la shaba lina kazi ambayo wengi hawaijui. Baruti inapowaka, ukuta wake mwembamba hutanuka na kubana chemba, yaani tundu la chuma linamokaa ganda, pande zote, kama kizibo, gesi ikose njia ya kurudi nyuma. Presha ikiwa ndogo, shaba hutanuka kwa uvivu. Ganda lenyewe limelala kwenye sakafu ya chemba kwa uzito wake, hivyo chini limegusana na chuma na juu pana ufa mwembamba kuliko unywele. Gesi hupitia hapo, imebeba masizi, na kuyapaka juu ya ganda. Upande uliong'aa ni ule uliolalia chuma. Tangu siku ile siwezi kuliona ganda bila kuligeuza mkononi kulitafuta paa lake.

Ukishajua hivyo, swali "ipi baruti safi?" linabadilika sura. Watu wa kazi hii huzipanga baruti kwa mbio zake, kutoka zinazoungua upesi hadi zinazojivuta. Kwa risasi nyepesi, ya presha ndogo, huchagua iliyo upande wa mbio, kwa kuwa hufika kileleni kabla kichwa hakijaondoka na kuipanulia nafasi. Kichwa kizito nacho husaidia, maana hukaa na kuibana kidogo. Ile ya kujivuta, iliyokusudiwa risasi kali za magnum, ukiitia katika risasi laini itakutemea punje mbichi hadi mezani. Hazina kosa. Zimepelekwa kwa mwenyeji asiye wao.

Hapa ndipo watu huumia. Mtu husikia neno presha, anaona masizi, anaongeza baruti. Kitabu cha mtengenezaji kina mwanzo na mwisho, mtu huanzia chini na kupanda kidogokidogo huku akitazama, na mwisho ni mwisho. Mwenye .38 anayetaka maganda yang'ae kama ya milimita tisa anaitaka rivolva yake iwe kitu ambacho haikuumbwa kuwa. Akiona masizi ndani ya mipaka ya kitabu, ayapokee.

Shemeji alifungua droo akanitolea silinda ya rivolva ya mwenzake wa uwanjani. Matundu matatu kati ya sita yalikuwa yamefunguka kwa juu, chuma kimejipinda nje kama ganda la mgomba lililochanwa. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilitiwa mara mbili katika ganda moja. Mwenyewe ana vidole vyake vyote, alisema shemeji, na hajawahi kurudi kuichukua silinda hiyo.

Silinda ile ndiyo iliyonibadilisha maoni kuhusu matangazo ya usafi. Chukua Titegroup ya Hodgdon. Inasifiwa kwa kuungua vizuri hata katika nyumba tupu, bila kujali imelala wapi, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini ni nzito, na kipimo chake ni kidogo mno: ndani ya ganda refu utaweza kutia mara mbili na jicho la haraka lisione kitu. Sasa chukua Unique, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1900. Walenga shabaha wameilalamikia kwa uchafu vizazi na vizazi, hata waliorithi utengenezaji wake wakaja kuiboresha na kuitangaza kuwa safi zaidi ya zamani. Hiyo ina vipande vipana vyepesi, hujaza nafasi, na ukizidisha unaiona haraka. Kwa mtu anayeanza, mwenye meza ya rivolva na watoto wanaoingia na kutoka wakimwita, mimi ningempa ile inayochafua. Masizi hufutwa kwa kitambaa.

Waaustralia waliwahi kutengeneza Trail Boss, punje zake pete ndogo zenye tundu katikati, nyepesi kama bisi, ili zijaze yale maganda makubwa ya enzi ya baruti nyeusi bila nguvu kubwa. Wapenzi wa mashindano ya kikauboi, wanaovaa kofia na kupiga kwa rivolva za mtindo wa karne ya 19, waliipenda sana. Wafini wa Vihtavuori, ambao kiwanda chao kilianza mwaka 1922, wana N320, na kopo lake ndilo shemeji hulificha nyuma ya mengine kama asali. Ni safi, hakuna ubishi. Ni ghali pia, na nilipomwuliza kama inalenga vizuri zaidi, alijikuna kidevu.

Majina yenyewe yana mitego. Winchester 231 na HP-38 ni baruti moja katika makopo mawili, na wanaojua hununua iliyo rahisi siku hiyo. Kumbe Clays, Universal Clays na International Clays, zenye jina la ukoo mmoja, ni baruti tatu zenye mbio tatu. Zote alizo nazo shemeji ni kijivu, na kwa macho hutofautishi hii na ile. Ndiyo maana mezani huwa pana kopo moja tu, mengine yapo kabatini, na baruti iliyomwagika isiyojulikana asili yake haitafutiwi jina. Hutupwa.

Tena si kila moshi ni wa baruti. Kichwa cha risasi cha madini matupu hupakwa nta ili kisiache madini mtutuni, na nta hiyo ikiungua hutoa moshi wa kijivu ambao baruti husingiziwa bure. Baruti nyingine zina grafiti iliyopakwa juu ya punje ili zitiririke vizuri na zisishike umeme, na vidole vyeusi vya mjazaji hutoka hapo. Shemeji alikuwa na malalamiko ya moshi mwaka mzima, akabadilisha makopo manne, hadi jamaa mmoja alipompa vichwa vilivyopakwa rangi ngumu badala ya nta. Moshi ukapungua siku ileile. Makopo manne yale bado yapo kabatini, yamefunguliwa, kila moja na robo yake iliyoliwa.

Kuna mahali masizi yamekuwa jambo la kufa na kupona. Mwaka 1964 jeshi la Marekani liliibadilishia bunduki ya M16 baruti. Ilikuwa imesanifiwa kwa baruti ya vijiti ya DuPont. Ikapewa ya vitufe, aina iliyobuniwa na Fred Olsen huko Western Cartridge miaka ya 1930. Baruti ya vitufe si mbaya, na hadi leo inajaza maghala ya majeshi. Lakini ilikuwa na kalsiamu kaboneti ya kupunguza asidi, na ile iliyotumika wakati ule ilikuwa nayo nyingi mno kwa bunduki hii: iliganda katika bomba jembamba linalorudisha gesi nyuma. Bunduki ilianza pia kupiga kwa kasi kuliko ilivyosanifiwa. Chemba haikuwa na kromiamu, msituni Vietnam palikuwa na unyevu, na askari vijana walikuwa wameambiwa kwamba silaha hii karibu haihitaji kusafishwa. Wengine walikutwa wamekufa na bunduki zilizokwama mikononi. Kamati ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ilichunguza mwaka 1967 na kulilaumu jeshi kwa maneno makali. Baadaye kiwango cha kalsiamu kilipunguzwa, chemba zikapakwa kromiamu, na askari wakapewa vifaa vya kusafishia. Hapo tena palikuwa na baruti iliyounganishwa na mwenzi asiye wake, ila mara hii hapakuwa na kitambaa cheupe.

Kwa mlenga shabaha wa Jumapili mambo ni madogo zaidi. Rivolva ina sehemu moja inayochukia uchafu kuliko nyingine: chini ya ile nyota ya kutolea maganda. Punje moja isiyoungua ikiangukia hapo, silinda inabana, na mtu mzima anaanza kuipiga kwa kiganja mbele ya watu. Dawa yake haiuzwi kwenye kopo. Unapotoa maganda, elekeza mtutu juu, punje zidondoke chini pamoja nayo. Shemeji alinionyesha kwa rivolva tupu, mara tatu, kwa fahari kuliko alivyonionyesha kopo la Wafini.

Saa sita ilikuwa imekaribia na harufu ya wali wa nazi ilikuwa imeingia gerejini kupitia mlango wa jikoni. Alirudisha baruti iliyobaki ndani ya kopo lake, akalipeleka kabatini, akafunga. Mjukuu wa kike, wa miaka kama minne, alikuja hadi mlangoni akasimama juu ya mstari wa utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni.

"Babu, njoo ule."

"Usivuke, mama. Babu ananawa."

Neno letu risasi limetoka kwa Waarabu, na kwao ni jina la madini yenyewe, yale mazito, laini, yenye sumu. Yamo katika vichwa vya risasi, yamo pia katika fataki, na kila inapofyatuliwa hubaki vumbi lake ndani ya ganda. Anayesafisha maganda makavu kwenye ngoma ya kuzungusha hulitimua vumbi hilo hewani. Ndiyo maana shemeji siku hizi huyaosha kwa maji. Mwaka mzima wa kukimbizana na masizi, aliniambia, hakuwahi kuliwazia vumbi hilo hata mara moja, hadi daktari alipompima damu kwa jambo jingine na kumwuliza anafanya kazi gani.

Alinawa kwa sabuni na maji baridi, kwanza viganja, kisha kati ya vidole, kisha hadi kwenye viwiko, akabadilisha shati, akaliacha la kwanza kwenye ndoo yenye kifuniko. Akavuka mstari, akambeba mtoto. Nami nikaenda kwenye sinki, nikafungua bomba, nikaanza na viganja.